Isometriki au mtazamo wa juu: kamera ipi inafaa gemu ya vyumba na mishale?

Swali: Natengeneza gemu ndogo ya kompyuta pamoja na mchoraji mmoja. Mhusika anazunguka kwenye vyumba vya ngome, anakwepa maadui na kuwapiga mishale kwa kulenga na kipanya. Tulianza na isometriki kwa sababu inapendeza, vigae vya pikseli 64 kwa 32. Sasa tuna matatizo matatu: mhusika anafunikwa na ukuta wakati yuko mbele yake, nikibofya kigae kinachaguliwa cha jirani, na wachezaji wa majaribio wanalalamika kwamba mishale haiendi wanapolenga. Turekebishe, au tuhamie mtazamo wa juu?

Jibu: Matatizo mawili ya kwanza yanatibika na nitakuonyesha namna. La tatu ndilo linalopaswa kuamua. Kulenga kwa kipanya kunamlazimu mchezaji apime pembe na umbali kwa jicho, kila sekunde, akiwa anakimbizwa, na hapo ndipo isometriki ilipo dhaifu kuliko mitazamo mingine yote. Kama gemu yenu ingekuwa ya kujenga mji au ya mapigano ya zamu, ningekwambia mbaki hapo mlipo. Kwa mishale na kukwepa, ningehamia mtazamo wa juu ulioinama.

Tuelewane kwanza kuhusu mitazamo yenyewe, maana huchanganywa sana. Mtazamo wa juu kabisa ni kamera iliyosimama wima, nyuzi 90 kutoka sakafuni, ambapo unaona vichwa na mabega tu. Ndivyo zilivyo Grand Theft Auto ya kwanza (1997) na Hotline Miami (2012). Mtazamo wa juu ulioinama ni ule wa Stardew Valley (2016) na gemu za zamani za Zelda: sakafu ni vigae vya mraba kana kwamba inatazamwa kutoka juu moja kwa moja, lakini kuta, miti na watu wanaonyesha uso wao wa mbele. Isometriki inaigeuza dunia nyuzi 45, ili kona ya chumba ndiyo ikuelekee, kisha inaishusha kamera chini zaidi.

Na hata hiyo isometriki, mliyonayo nyinyi si isometriki halisi. Katika ile halisi kamera inainama nyuzi 35.264, mihimili mitatu (upana, kina na kimo) inatengana kwa nyuzi 120, na mistari ya sakafu inapanda skrini kwa nyuzi 30. Vigae vya 64 kwa 32 vinatokana na kamera iliyoinama nyuzi 30, na mistari yake inapanda kwa nyuzi 26.565. Kwa lugha ya jiometri hiyo ni dimetriki, yaani mihimili miwili tu ndiyo inayobanwa sawa. Michoro ya pikseli inaipendelea kwa sababu ya wazi: kila pikseli mbili za kwenda pembeni unapanda moja, ngazi sawa mwanzo hadi mwisho. Mstari wa nyuzi 30 unahitaji pikseli 1.73 kwa kila hatua, kwa hiyo ngazi zake hazilingani na ukingo unaonekana umetafunwa. Tofauti hii si ya kupuuza. Kifaa kimoja kikichorwa kwa nyuzi 30 na kingine kwa 35.264, kimoja kitaonekana kinaelea au kimezama sakafuni, na mchoraji atatafuta kosa kwenye kivuli siku nzima.

Kwa nini mishale haiendi wanapolenga

Kamera iliyoinama inabana sakafu kwa sini ya pembe yake. Sini ya nyuzi 30 ni nusu, kwa hiyo kila umbali unaoenda juu au chini ya skrini unaonekana nusu ya umbali uleule ukienda pembeni. Duara la mlipuko linakuwa duaradufu lenye upana mara mbili ya urefu. Kigae chenu chenye upana wa pikseli 64 kina ubavu wa pikseli 45.25 (64 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2), hivyo mshale unaokwenda vigae 10 kwa sekunde utapita pikseli 452 kwa sekunde ukienda kulia, lakini 226 tu ukienda juu. Mwendo ni uleule duniani. Jicho la mchezaji linaona mshale umechoka.

Sasa pembe. Chukua kipanya kilichoko pikseli 100 kulia na pikseli 100 juu ya mhusika. Kwenye skrini hiyo ni nyuzi 45. Duniani, pikseli 100 za pembeni ni vigae 2.21, na pikseli 100 za juu ni vigae 4.42, kwa hiyo mwelekeo wa kweli ni kama nyuzi 63.4. Kama msimbo wenu unachukua pembe ya skrini na kuirusha duniani kama ilivyo, mshale utaonekana ukipanda kwa nyuzi 26.6 na kupita mbali chini ya alama ya kulengea. Dawa ni kuzidisha tofauti ya wima kwa 2 kabla ya kutafuta mwelekeo, halafu ndipo uirekebishe vekta (mshale wa hesabu unaobeba mwelekeo huo) iwe na urefu wa 1. Ukirekebisha urefu kwanza kisha ukazidisha, mishale ya juu itakuwa na kasi kuliko ya pembeni.

Kuna kosa la pili linalojificha nyuma ya hilo, nalo ni urefu wa upinde. Mchezaji anaelekeza kipanya kwenye kifua cha adui, maana ndicho anachokiona. Msimbo unasoma nukta ya sakafu iliyoko chini ya kipanya. Kifua kikichorwa pikseli 40 juu ya nyayo, nukta hiyo ya sakafu iko vigae 1.77 nyuma ya adui. Adui akiwa upande wa juu au wa chini kosa halionekani, kwa kuwa nukta hiyo bado iko kwenye mstari uleule. Akiwa kulia au kushoto, mshale unampita nyuma. Ndiyo maana malalamiko ya wachezaji hayana mpangilio unaoeleweka. Ongeza urefu wa upinde, kwa pikseli, kwenye y ya kipanya kabla ya kuigeuza kuwa nukta ya dunia. Kwenye injini (programu ya kutengenezea gemu) ya 3D, piga mwale kutoka kamera hadi kwenye bapa la kufikirika lililoinuliwa hadi usawa wa upinde, si hadi sakafuni.

Mkishafanya yote mawili, mishale itafika inapoelekezwa. Lakini mchezaji bado atakuwa anakadiria kama adui aliye juu yake kwenye skrini yuko ndani ya masafa ya mshale au nje, akitumia dunia iliyobanwa nusu. Hilo halirekebishiki kwa msimbo. Kamera ikiinama nyuzi 60, mbano ni 0.866 tu, na watu wengi hawautambui kabisa.

Mhusika kufunikwa na ukuta

Kanuni ya kuchora ni kuanza na kilicho mbali na kamera na kumalizia na kilicho karibu. Kwenye mtazamo wa juu ulioinama, namba ya kupangia ni y ya nyayo. Kwenye isometriki ni jumla ya x na y za kigae. Kwa vitu vinavyokaa juu ya kigae kimoja kanuni hii inatosha. Inavunjika pale kitu kimoja kinapokalia vigae vingi, na kwa dalili ulizotaja, ukuta wenu ni picha moja ndefu.

Tazama kwa namba. Ukuta una vigae vitano: x kutoka 0 hadi 4, na y ni 3. Kitovu chake ni (2,3), jumla 5. Mhusika akisimama (0,4) yuko mbele ya ukuta, lakini jumla yake ni 4, kwa hiyo anachorwa kwanza na ukuta unamfunika. Akisimama (4,2) yuko nyuma ya ukuta, ila jumla yake ni 6, basi anachorwa juu yake. Ukibadilisha ukatumia kona ya karibu ya ukuta, yenye jumla 7, kosa la pili linapona na la kwanza linabaki. Ukitumia kona ya mbali, yenye jumla 3, la kwanza linapona na la pili linabaki. Hakuna namba moja itakayoutendea haki ukuta huo, na wengi hupoteza wiki nzima wakiongeza na kupunguza namba za kusogeza bila kujua kwamba wanatafuta kitu kisichokuwepo.

Njia rahisi ni kukata ukuta vipande vya kigae kimoja kimoja, kila kipande na jumla yake. Kwa kuta, ua, mabenchi marefu na matundu ya milango, fanyeni hivyo tu. Kwa vitu visivyokatika, kama zimwi linalotembea lenye upana wa vigae vitatu, linganisha visanduku viwili viwili: A iko nyuma ya B ikiwa x ya juu kabisa ya A haizidi x ya chini kabisa ya B, au y ya juu ya A haizidi y ya chini ya B, au A yote iko chini ya B kwa urefu. Linganisha vile tu vinavyogusana kwenye skrini, kisha vipange kwa kufuata mahusiano hayo. Vitu visivyotembea vipangwe mara moja tu wakati chumba kinapakiwa. Ikitokea vitu vitatu virefu vinafunikana kwa mzunguko, kila kimoja mbele ya mwenzake, hakuna mpangilio utakaovitosha; kata kimojawapo.

Kabla ya hayo yote, angalieni nukta ya mshiko wa picha, yaani nukta ya picha inayowekwa mahali mhusika alipo. Lazima iwe kwenye nyayo. Picha ya mhusika yenye pikseli 64 kwa 96 ambayo nyayo zake ziko kwenye mstari wa 88, mshiko wake ni 88, wala si 96 na wala si katikati. Mshiko ukiwa katikati, mhusika anapangwa kana kwamba amesimama pikseli 40 nyuma ya mahali alipo. Na akiruka, pangeni kwa nukta ya sakafu iliyo chini yake, si kwa mahali picha ilipochorwa angani. La sivyo kila akiruka atapotea nyuma ya pipa.

Injini nazo zina mitego yake. Katika Godot, kisanduku cha "Y Sort Enabled" kinawashwa kwenye nodi mzazi na pia kwenye safu ya vigae. Ukiwasha mzazi peke yake, safu nzima inapangwa kama bonge moja. Katika Unity, safu ya vigae vya kuta iwe katika hali ya "Individual". Ikiwa katika "Chunk", mhusika hawezi kupita katikati ya kigae na kigae. Kama mnatumia maumbo ya 3D, bafa ya kina (kumbukumbu ya umbali wa kila pikseli kutoka kamera) inamaliza tatizo hili lote isipokuwa kwa vitu vyenye uwazi kama moshi na vioo.

Kubofya kigae kisicho sahihi

Kutoka gridi kwenda skrini, kwa vigae vyenu (x na y ni namba za kigae, sx na sy ni pikseli za skrini):

sx = (x − y) × 32
sy = (x + y) × 16

Na kurudi, kutoka skrini kwenda gridi:

x = sx / 64 + sy / 32
y = sy / 32 − sx / 64

Jaribu kwa (5,3): sx ni 64, sy ni 128. Ukirudi, x ni 1 + 4 = 5, na y ni 4 − 1 = 3. Hesabu inafunga. Kama kwenu kubofya kunakosea, kosa liko katika mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza, na ndilo la kawaida, ni kwamba fomula inahesabu kuanzia kona ya juu ya almasi, wakati picha imechorwa kuanzia katikati yake. Dalili yake ni hii: ukibofya nusu ya juu ya kigae unapata cha jirani wa nyuma, ukibofya nusu ya chini unapata sahihi. Sogeza sy kwa pikseli 16, nusu ya kimo cha kigae, ndipo uhesabu. La pili ni kukata desimali vibaya. Lugha nyingi zikigeuza −0.3 kuwa namba kamili zinatoa 0, kwa kuwa zinakata kuelekea sifuri. Mnachotaka ni −1. Tumieni kazi ya kushusha chini (floor), si ya kukata. Dalili yake ni kwamba makosa yanatokea upande mmoja tu wa ramani, pale namba zinapokuwa hasi. La tatu ni kusahau kuondoa mahali kamera ilipo na kiwango cha ukuzaji: kwanza gawanya kwa ukuzaji, kisha ongeza mahali pa kamera.

Kukiwa na majukwaa ya urefu tofauti, fomula peke yake haitoshi kwa sababu nukta moja ya skrini inawakilisha nukta nyingi za dunia. Anza na jukwaa la juu kabisa: ongeza kimo chake kwenye sy, geuza, uliza kama kigae kilichopatikana kweli kina kimo hicho. Kama hakina, shuka kimo kinachofuata. Cha kwanza kukubali ndicho kilichobofywa.

Utata huohuo ndio unaofanya kuruka kuwe kugumu kwenye isometriki. Ngazi ya kimo ikichorwa kwa pikseli 32, basi kigae (x, y) kilicho chini na kigae (x+1, y+1) kilicho ngazi moja juu vinaangukia mahali pamoja kabisa kwenye skrini. Jicho halina namna ya kuvitenganisha. Monument Valley (2014) iliujenga mchezo mzima juu ya udanganyifu huo, ila kwenye ngome yenye maadui ni balaa. Tumieni ngazi ya pikseli 24, ambayo kingo zake hazikutani na za vigae hadi ngazi ya nne, na kila mara mchoreeni mhusika kivuli cha duara bapa sakafuni, moja kwa moja chini yake, hata kama mwanga wa chumba unatoka upande.

Ukuta unaficha kiasi gani

Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mtu akihesabu kabla ya kuchora ukuta wa kwanza. Ukuta unaficha sakafu iliyo nyuma yake kwa umbali sawa na kimo chake gawanya kwa tanjenti ya pembe ya kamera. Kwa nyuzi 30, ukuta wa kimo cha vigae 2 unaficha vigae 3.46 ukipima kwa uelekeo wa macho ya kamera. Kwa nyuzi 35.264 ni 2.83. Kwa nyuzi 60 ni 1.15. Maana yake ni kwamba katika ngome ya vyumba vidogo, kwenye isometriki yenu, kuta mbili za karibu zinaweza kumeza nusu ya chumba pamoja na adui aliyesimama humo.

Desturi ni kuchora kuta mbili za nyuma kwa kimo kamili na mbili za mbele ziwe msingi mfupi, robo ya kimo hivi. Knight Lore ya mwaka 1984 ilishaacha kuta za mbele, na hadi leo hakuna aliyepata suluhisho lililo safi kuliko hilo kwa chumba kimoja. Vyumba vinapopakana tatizo linarudi, kwa sababu ukuta wa nyuma wa chumba hiki ndio wa mbele wa kile. Hapo ukuta unafifishwa mhusika anapokuwa nyuma yake. Fifisheni vipande vilivyo kati yake na kamera tu, na upeni ufifishaji sekunde 0.2 hivi, ukiwa wa ghafla unamulika kama taa mbovu anapopita kando ya nguzo. Kwa maadui, ongezeni umbo la rangi moja linaloonekana kupitia ukuta, la sivyo mchezaji atakufa kwa kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukiona.

Ambapo isometriki inawashinda wengine

Nisiionee. Kwenye skrini ya 640 kwa 360, vigae vya almasi vya 64 kwa 32 na vigae vya mraba vya 32 kwa 32 vina eneo moja, pikseli 1,024, kwa hiyo vyote vinajaza skrini kwa vigae 225. Lakini angalia mchezaji anaona mbali kiasi gani kutoka katikati. Kwa vigae vya mraba ni vigae 10 kulia na kushoto, ila 5.6 tu juu na chini. Kwa isometriki ni 7.07 pembeni na 7.95 juu. Skrini pana ikibanwa na kamera iliyoinama, uwanja wa kuona unakaribia kuwa sawa pande zote. Ndiyo sababu moja, pamoja na kuonyesha kimo na ujazo wa majengo, ya gemu za mikakati na za miji kuikumbatia: SimCity 2000 (1993), Age of Empires (1997). Humo mchezaji anabofya mahali na kungoja. Hapimi pembe kwa haraka.

Mkihamia mtazamo wa juu ulioinama, mtarithi udhaifu huo wa vigae vya mraba: adui mpiga mishale anayetokea juu ya skrini haonekani hadi awe karibu kuliko anayetokea pembeni. Punguzeni masafa yake yasizidi vigae 5, au sogezeni kamera kuelekea kipanya kwa robo hivi ya umbali kati yake na mhusika, ili mchezaji anayelenga juu aone zaidi ya juu.

Kwa upande wa uchoraji, kuhama kutampunguzia mwenzako kazi. Isometriki inahitaji pande nane za mhusika; ukigeuza picha kama kwenye kioo, tano zinachorwa. Mtazamo ulioinama unatosheka na nne, tatu za kuchora. Mwendo wa fremu 8 ni picha 40 dhidi ya 24, na hiyo ni kwa kila tendo: kutembea, kupiga, kuumia, kufa. Kugeuza kioo kuna gharama yake, upinde unahama mkono, ila katika picha ndogo hakuna anayelalamika. Kinachosumbua mtazamo huu ni milango ya pembeni. Ukuta wa juu wa chumba unaonyesha uso, wa chini unaonyesha ukingo wake wa juu tu, na wa kulia na kushoto hauna uso wa kuwekea mlango. Weka pengo la wazi la vigae viwili na rangi tofauti ya sakafu inayoanza kigae kimoja kabla ya mlango.

Kama michoro yenu inatolewa kwenye Blender (programu ya kuunda maumbo ya 3D), msiitupe, badilisheni kamera. Kwa isometriki ya mbili kwa moja, kamera ya miale sambamba (orthographic) inazungushwa nyuzi 60 kwenye X na 45 kwenye Z (kwa isometriki halisi X ni 54.736), maana Blender inahesabu kutoka kamera inayotazama chini wima. Kwa mtazamo ulioinama, Z inakuwa 0 na X iwe 30 hadi 45. Kipimo cha kamera hiyo (Orthographic Scale) kinafuata upande mrefu wa picha: kigae cha uniti 1 kina ulalo wa 1.414, basi kwa picha ya 64 kwa 64 kipimo ni 1.414, lakini mkirefusha picha kuwa 64 kwa 128 ili mti uenee, kipimo lazima kiwe 2.828. Wengi hurefusha picha wakaacha kipimo, kisha wanashangaa mti umekuwa mkubwa mara mbili. Kwa kamera ya nyuzi 45 sakafu inabanwa kwa 0.707, mkitaka vigae viwe mraba kamili, vuteni kina cha dunia na kimo chake kwa 1.414. Hila za namna hii hazina aibu: katika Zelda ya 2013, A Link Between Worlds, watengenezaji waliwalaza wahusika na vitu nyuma ili vionekane vizuri kwa kamera ya juu.

Msichore chochote kabla ya kujaribu. Jengeni chumba kimoja cha 3D chenye maboksi ya kijivu, vigae 14 kwa 10, nguzo mbili na maadui wanne, kwa kamera ya miale sambamba ambayo kimo chake cha kuona ni uniti 12. Wekeni vitufe vinne vya kubadili pembe: 30 ikiwa dunia imegeuzwa nyuzi 45, kisha 45, 60 na 90 bila kuigeuza. Kumbukeni kwamba kwa nyuzi 30 kamera hiyo inaona uniti 24 za sakafu kwenda mbele, na kwa nyuzi 60 inaona 13.9, kwa hiyo rekebisheni kimo cha kuona ili kila pembe ionyeshe sakafu ya eneo linalokaribiana. Vinginevyo mtakuwa mnalinganisha ukuzaji, si pembe. Kamera isogezwe mbali vya kutosha, uniti 40 au 50, kwa sababu kwenye miale sambamba umbali haubadilishi ukubwa wa vitu ila ukaribu unakata kuta za mbele.

Mpeni mtu asiyeijua gemu, apige adui yuleyule aliyesimama kulia kwake, kisha juu yake, kisha kwenye mshazari, mishale kumi kila upande kwa kila pembe. Andikeni ngapi zimekosa na zimepita upande gani. Zikikosa zaidi upande wa juu kuliko wa kulia, pembe bado iko chini mno. Ipandisheni kwa nyuzi 5 na mrudie.